Maswali ya Wasomaji: Ukomo wa sarafu za kidijitali unalindwa na nani?

Nasikia Bitcoin hazitazidi milioni 21. Wenye mitambo mikubwa hawawezi kuzichimba zote mapema? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

Hawawezi. Bitcoin mpya hutoka kwa njia moja tu: kompyuta iliyofanikiwa kufunga bloku, yaani fungu la miamala, hulipwa Bitcoin mpya; huko ndiko kuchimba. Mwaka 2009 malipo yalikuwa 50 kwa bloku, na kila baada ya bloku 210,000, yaani takriban miaka minne, hukatwa nusu: 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020, na 3.125 tangu Aprili 2024. Chukua karatasi ujumlishe: awamu ya kwanza ilitoa milioni 10.5, ya pili milioni 5.25, na kuendelea. Jumla haivuki milioni 21, na mnamo mwaka 2140 malipo yatakuwa sifuri.

Sasa hiyo mitambo. Bei ya dhahabu ikipanda, Chunya hufurika wachimbaji na dhahabu inayotoka huongezeka. Kwenye Bitcoin wachimbaji wakifurika, kazi ndiyo inayokuwa ngumu. Kila baada ya bloku 2,016, kama wiki mbili hivi, mtandao hupima muda uliotumika na kurekebisha ugumu ili bloku moja irudi kwenye dakika 10. Kwa malipo ya 3.125, kwa siku zinatoka Bitcoin kama 450, wachimbaji wawe wengi au wachache.

Anayekagua ni kila kompyuta inayoendesha programu kamili ya Bitcoin: bloku iliyojilipa zaidi hukataliwa. Agosti 2010 hitilafu kwenye programu iliruhusu muamala mmoja kuzalisha zaidi ya Bitcoin bilioni 184. Programu ilisahihishwa ndani ya saa chache, na mnyororo wa bloku uliobeba muamala ule ukatupwa.

Kwenye kundi la WhatsApp tunauziwa tokeni, tunaambiwa zitakuwa milioni 10 tu. Nitahakikishaje? (Msomaji, Mafinga)

Tokeni ni sarafu ya kidijitali inayotengenezwa juu ya mtandao uliopo tayari. Mwombe muuzaji anwani ya tokeni yenyewe, siyo ya pochi yake. Kwa mtandao wa Ethereum au BNB Chain huanza na 0x na kufuatiwa na herufi na tarakimu 40. Akisema haipo, sarafu hiyo iko kwenye daftari lake tu, ishieni hapo.

Ukiipata, ibandike kwenye tovuti ya ukaguzi: Etherscan kwa Ethereum au BscScan kwa BNB Chain. Jumla utakayoiona ni ya tokeni zilizopo leo, haithibitishi kuwa hazitaongezwa. Wengi hunaswa hapa. Fungua sehemu ya «Contract». Kama msimbo, yaani maandishi ya programu ya tokeni, haujawekwa wazi, achana nayo. Kama upo, tafuta neno «mint»: ndiyo amri ya kuzalisha tokeni mpya. Angalia nani anaruhusiwa kuitumia na kama msimbo unaweka kikomo. Mwenye tokeni akiwa na ruhusa hiyo bila kikomo, milioni 10 ni ahadi ya mdomo. Pia ukiona neno «proxy», ujue msimbo wenyewe unaweza kubadilishwa baadaye.

Kisha fungua «Holders» uone zimeshikwa na nani. Tuseme tokeni milioni 1 ziko sokoni kwa Sh 500, na milioni 9 wamezishika waanzilishi. Siku wakiamua kuuza zote, wanatakiwa wapatikane wanunuzi wa Sh bilioni 4.5 ili bei ibaki pale pale. Ukomo haujavunjwa, ila wewe umeumia.

Dogecoin haina ukomo, mbona ina bei? (Msomaji, Tukuyu)

Kwa sababu kuna watu wanaoitaka. Hutoka 10,000 kwa bloku, na bloku hufungwa karibu kila dakika, kwa hiyo zinaongezeka kama bilioni 5.2 kwa mwaka. Kiasi hicho hakibadiliki ilhali zilizopo zinazidi kuwa nyingi, hivyo asilimia ya ongezeko hushuka mwaka hadi mwaka. Tokeni ya milioni 10 isiyo na mnunuzi, kwa upande mwingine, haina bei kabisa.