Elfi ana kimo gani hasa?

SWALI: Nachora katuni. Nikisoma hadithi za Tolkien, maelfi (viumbe wa kubuni wanaofanana na binadamu) ni warefu. Rafiki yangu anayecheza mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons anashikilia kuwa ni wafupi kuliko binadamu. Tumfuate nani? Halafu kila nikichora dwafu, yule kiumbe mfupi mnene wa hadithi, naambiwa nimechora mtoto mwenye ndevu. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Nyote mko sahihi, ila kila mmoja anashika kitabu chake. Katika kitabu cha Tolkien, Unfinished Tales (1980), kimo cha mtu wa Númenor, kisiwa cha binadamu warefu, ni ranga mbili (ranga ni kipimo chao), yaani kama futi 6 na inchi 4, au sentimita 193. Galadriel, elfi wa kike, amepewa kimo hichohicho, naye ni mrefu hata miongoni mwa wanawake wa kwao, kwa hiyo usiwape maelfi wako wote 193.

Kitabu cha wachezaji cha D&D cha mwaka 2014 kinapima kwa dadu. Elfi wa tabaka la juu (high elf) anaanzia futi 4 na inchi 6. Unarusha dadu mbili za pande 10 na kuongeza jumla yake kama inchi. Anaangukia kati ya sentimita 142 na 188, wastani 165. Binadamu anarushiwa dadu zilezile, lakini anaanzia inchi 2 juu zaidi. Basi ufupi wenyewe ni mdogo sana. Kinachowatenga ni wembamba. Uzito wa elfi ni pauni 90, ukiongeza ile jumla ya dadu mara dadu moja ya pande 4. Binadamu ni pauni 110, na jumla yake inazidishwa kwa dadu mbili za pande 4. Wastani ni kilo 53 kwa 75. Wengi hukosea hapa: wanarusha upya dadu za kimo wakitafuta uzito, na mfupi anatoka mzito kuliko mrefu. Tumia jumla ileile.

Sasa dwafu. (Neno mbilikimo tunaliepuka makusudi: watu wa misitu ya Kongo huitwa hivyo, nao si viumbe vya hadithi.) Katika kitabu hichohicho cha mchezo, yule wa milimani ana sentimita 127 hadi 142. Kichwa chake ni cha mtu mzima, kama sentimita 23, kwa hiyo mwili mzima ni vichwa vitano na nusu hadi sita hivi, wakati binadamu ana saba na nusu. Lakini kichwa kikubwa juu ya mabega membamba ndilo umbo la mtoto, na nadhani hapo ndipo unapokwama. Mpe mabega ya sentimita 50, fupisha miguu, si kiwiliwili. Kisha angalia kifundo cha mkono: kikiwa chembamba, ndevu haziokoi kitu.

Kabla ya kuwachora pamoja, chora mlango wa sentimita 200 wenye kitasa kwenye 100. Elfi wa Tolkien mwenye kimo cha Galadriel karibu agonge kizingiti cha juu. Dwafu wa 130 anapita kitasa kwa shibiri moja na kidogo.