Kabla ya Kumuuliza Mama Anamlisha Nini Mtoto

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Mtoto wake ana miezi saba, uzito umesimama, na kliniki ameambiwa mbele za watu kwamba anamtesa mtoto kwa njaa. Ananiomba nimtajie chakula cha kunenepesha. Nimeshamjibu, lakini nimeona niandike na hapa, maana wengi wenu mnalea au mnatarajia, na mnachokitaka ndicho nilichokitaka mimi: mtoto akue vizuri, na mtu asikunyooshee kidole.

Maneno hayo nayajua. Mwanangu wa kwanza alizaliwa na kilo 2.1. Mtoto akizaliwa na chini ya kilo 2.5 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu, na ndugu waliokuja kumwona walikuja na majibu yao tayari: nilichagua chakula, nilideka, nililala sana. Hakuna aliyesema kwamba mimba ile niliibeba huku nikiteka maji, nikiwapikia watu wote, kisha nikila mwisho kile kilichobaki. Nilipopimwa wingi wa damu ikaonekana gramu 8 kwa desilita, na kwa mjamzito chini ya 11 ni upungufu. Nikapewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi. Nilivimeza kila siku, vikanichafua tumbo na kunipa choo cheusi, na hakuna aliyeniambia kwamba choo cheusi ni kawaida ya vidonge hivyo, wala kwamba chai inayonywewa pamoja na mlo inauzuia mwili kufyonza chuma. Mjamzito unayesoma hapa, usiviache. Chai sogeza mbali na mlo, matunda yenye vitamini C yasogeze karibu.

Mtoto nilimlea kifuani, ngozi kwa ngozi, nimemfunga kwa kitambaa mchana na usiku. Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwapa joto. Leo Shirika la Afya Duniani linataka watoto njiti na wenye uzito mdogo waanzishiwe mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Najivunia kazi ile mpaka leo. Joto lake lilitoka kwangu na maziwa yalitoka kwangu, na aliongezeka.

Miezi iliyofuata naiacha, ilikuwa ya kunyonyesha na kusinzia. Shida ilikuja baada ya miezi sita, alipoanza kula. Hapo ndipo watoto wengi wanapopotea, kwa sababu maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena, na chakula kinachokuja kuyasaidia hakina nguvu. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukalala, maana yake uzito haupandi. Nesi akaiinua kadi juu, akauliza benchi zima lisikie: "Mama wa huyu anayekufa njaa yuko wapi?" Nikasimama. Mwanangu sasa anasoma, mrefu kuliko wenzake wa darasani, lakini swali lile bado linaniuma.

Aliyetuokoa alikuwa mhudumu mwingine, mama wa makamo. Alinivuta pembeni, akaacha habari za mtoto, akaniuliza, "Wewe leo umekula nini?" Ilikuwa inakaribia saa sita mchana na sikuwa nimetia kitu mdomoni. Hakunisema. Akachukua kijiko, akachota uji niliokuja nao kwenye kikopo, akakiinamisha. Uji wote ukachuruzika. Akanieleza kwamba uji wa mtoto unatakiwa ubaki kwenye kijiko ukikiinamisha, kwa sababu tumbo lake ni dogo na likishajaa maji chakula hakina pa kukaa. Uji ule ulikuwa wa nyumba nzima. Uliongezwa maji ili utoshe wote.

Basi ushauri wangu ni huu: mama ale. Najua mlitarajia orodha ya vyakula. Uji uwe mzito, ndani yake kiingie yai, kunde, samaki au nyama iliyosagwa na mafuta kidogo, pembeni mboga za majani na tunda. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe mara 2 hadi 3 kwa siku, wa miezi 9 hadi 23 mara 3 hadi 4, na aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Lakini nani anausaga, nani anamshikia kijiko kwa subira mtoto anayetema? Ni mama. Anayenyonyesha anahitaji karibu kilokalori 500 za ziada kila siku, na asipozipata mwili wake unatoa akiba yake mwenyewe ili maziwa yaendelee. Maziwa yake ni mazuri hata akiwa mwembamba, kwa hiyo msimkimbize kwenye maziwa ya kopo. Tangu 1981 dunia ina kanuni ya kuzuia matangazo ya maziwa hayo, na ina sababu. Mlisheni yeye.

Nyumbani kwetu mambo yalibadilika mume wangu alipobeba ndoo. Alichota maji asubuhi, nami nikapata muda wa kula kwanza na kumlisha mtoto taratibu. Baba, usiniambie huna fedha za lishe. Mgongo unao. Mama mkwe, sahani ya mkweo ijae kabla ya sahani ya mgeni. Karibu nusu ya vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vinahusiana na utapiamlo, na vingi vinatokea kwenye nchi maskini kama zetu, ndani ya nyumba ambazo mama anakula mwisho. Nanyi wauguzi, najua foleni ni ndefu na mmechoka, lakini mama aliyeaibishwa mbele za watu mwezi ujao haji, na mtoto wake hapimwi.

Mwenye mtoto wa miezi sita na kuendelea, kliniki omba apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi. Njano ni onyo. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali, na ugonjwa huu unatibika. Mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na homa wala uvimbe anaweza kutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa, yaani chakula maalumu cha pakiti chenye nguvu nyingi kinachotolewa na wahudumu wa afya. Miguu yote miwili ikivimba, bonyeza kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki, au mtoto akigoma kabisa kula na kunyonya, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mpeleke hospitali leo hii.