Kabla ya Kuomba Kura, Kabidhi Faili za Watu

Mawakili wawili vijana wameniuliza wiki hii kama uchaguzi wa 2027 ni mapema mno kwao kugombea ubunge. Wote walinitajia wakili James Orengo, aliyeingia bungeni kupitia jimbo la Ugenya mwaka 1980 kabla ya kufikisha miaka 30. Sawa. Lakini wakili mwingine, Moses Wetang'ula, alitetea washtakiwa wa jaribio la mapinduzi la 1982, na jimbo la Sirisia likamchagua 2002. Hesabuni wenyewe.

Mimi swali langu ni lingine: faili zako utamwachia nani?

Mkubwa wangu wa kwanza, hapa Kakamega, alishinda ubunge nikiwa na mwaka mmoja tu wa uwakili. Tulisherehekea mpaka asubuhi. Jumatatu nikakuta kabati zima la kesi za mashamba na mirathi, na mama mmoja wa Butere kwenye benchi. "Mheshimiwa yupo?" Hayupo, mama. Kesi yake ilikuwa imeahirishwa mara tatu wakati wa kampeni, na nauli ni yake. Alirudi kila Alhamisi. Nilijifunza kujificha chooni, aibu iliyoje!

Kwa hiyo, miezi mingi kabla ya uteuzi wa chama, mwite kila mteja, mwambie ukweli, mkabidhi kwa wakili mwenzako kwa maandishi. Fedha za wateja zihesabiwe mpaka senti ya mwisho. Kampeni ina njaa, na atatokea mtu wa kukunong'oneza "tukope kidogo, tutarudisha." Niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Usiguse! Na usijidanganye kwamba utashika yote mawili: Kifungu cha 77 cha Katiba kinamkataza afisa wa serikali wa muda wote kazi nyingine ya kipato, ingawa wabunge mawakili mahakamani tunawaona.

Jingine ni dogo, ila huwauma mawakili. Hakimu analazimika kukusikiliza. Bungeni, wabunge 50 tu wakiwemo, kikao kinaendelea, na hoja yako nzuri inaangushwa na wasioisikiliza. Nyumbani nako hakuna anayekuuliza umerekebisha kifungu gani. Ni basari, na ulikuwa wapi siku ya matanga.

Mama wa Butere alipata hati yake ya mirathi mwishowe, mikononi mwangu. Uchaguzi uliofuata alipita ofisini akanionyesha kidole chenye wino, akacheka. Alimpigia nani? Sikuthubutu kuuliza.