Ahadi kwa Chuo Kimoja: Kipi Kiombwe Mapema?

SWALI

Assalaam alaykum, Bi Mshauri. Mimi ni msichana wa Langoni, Lamu. Nilifanya KCSE mwaka jana nikapata alama ya A-, na hamu yangu ni kusomea viumbe na mazingira ya bahari. Nimeambiwa kuwa vyuo vya Marekani vina njia ya kuomba mapema ambayo humwongezea mwombaji nafasi ya kupokewa, ila huruhusiwi kuchagua zaidi ya chuo kimoja. Mjomba anataka niombe Columbia kwa sababu ya jina lake, rafiki yangu anaisifu Dartmouth, na mimi mwenyewe nimevutiwa na Bowdoin, chuo ambacho hapa mtaani hakuna anayekijua. Baba ni mvuvi, hana uwezo wa kulipa. Tena nimepangiwa nafasi katika Chuo Kikuu cha Pwani na masomo yanakaribia kuanza. Niombe kipi?

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Hongera kwa matokeo yako, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla ya kutia sahihi, kwa maana njia unayoitaja ni mkataba. Mwombaji huahidi kwamba chuo hicho kimoja kikimpokea, na kikampa msaada wa fedha unaomtosha, atakwenda huko na ataondoa maombi yake yote kwingineko. Ahadi hiyo hutiwa sahihi na watu watatu: mwanafunzi, mzazi, na mwalimu mshauri wa shule. Maombi hufungwa katika nusu ya kwanza ya Novemba kwa vyuo vingi, na majibu hutoka katikati ya Desemba.

Kwa hiyo utajibiwa na chuo kimoja kabla hujaona vingine vingekupa nini. Kwa mtoto wa tajiri hilo ni jambo dogo. Kwa binti wa mvuvi ndilo jambo lenyewe, kwa sababu gharama ya mwaka mmoja katika vyuo vyote vitatu ulivyovitaja inapita dola 80,000, na mjomba, hata akiuza shamba, hazifikii. Swali lako basi si chuo gani chenye jina. Jiulize ni chuo gani ambacho fedha zake kwa mwanafunzi wa kigeni zinaaminika kiasi kwamba unaweza kujifunga nacho bila kulinganisha na kingine.

Nianze na Columbia. Chuo hicho humtimizia haja yake ya fedha mwanafunzi wa kigeni anayepokewa, lakini katika kuamua nani apokewe, huzingatia pia kama mwombaji wa kigeni anahitaji msaada. Maana yake ni kwamba umaskini wa nyumbani kwenu unaweza kuhesabika dhidi yako kabla hujaingia. Dartmouth na Bowdoin ziliiacha desturi hiyo kwa wageni mwaka 2022: mwombaji hupimwa bila kuangaliwa mfuko wa baba yake, akipokewa haja yake hutimizwa yote, na msaada wenyewe hautolewi kwa mkopo. Si vyuo vingi Marekani vinavyomfanyia mgeni hivyo. Kwa sababu hiyo peke yake ningeiondoa Columbia katika ombi la mapema, na mjomba anisamehe, najua anakutakia makubwa.

Baina ya viwili vilivyobaki, rudi kwenye hamu yako. Dartmouth iko Hanover, katika jimbo la New Hampshire, bara kabisa kando ya mto, na tangu kundi lililoomba mwaka 2024 imerudisha sharti la mitihani ya kuombea chuo, kama SAT, basi ukiitaka soma kwa makini inakubali mtihani gani kwa aliyesoma nje ya Marekani, kwa kuwa kufanya SAT ni ada pamoja na nauli ya boti hadi Mokowe na basi kutoka hapo. Bowdoin iko Brunswick, katika jimbo la Maine, ina wanafunzi wasiofika 2,000, na haijamlazimisha mwombaji kupeleka alama za mitihani hiyo tangu mwaka 1969. Zaidi ya hayo ina kituo chake cha masomo ya pwani kwenye Orr's Island, katika ghuba ya Casco, ambako wanafunzi hutafiti bahari wakiwa baharini. Wewe umekulia katika kaunti yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya. Umeona boriti zikishushwa majahazini, na bila shaka unaujua mkandaa na mchu kwa kuugusa. Insha itakayoeleza hayo ina pa kufikia Bowdoin, na mimi naona moyo wako umekuongoza vizuri. Baridi ya Maine ni kali, na mambo ya chakula cha halali na mahali pa kuswalia uyaulize chuoni mapema, kwa barua pepe. Ni haki yako kuuliza.

Kuhusu nafasi kubwa zaidi uliyoambiwa, ni kweli kwamba vyuo hupokea sehemu kubwa zaidi ya wale wanaoomba mapema, lakini ndani ya kundi hilo wamo wanamichezo waliokwisha kuteuliwa na makocha, na katika vyuo kadhaa wamo pia watoto wa waliosoma hapo zamani. Usiuchukue wingi huo wote ukaufanya wako.

Sasa fedha, kwani hapa ndipo familia nyingi za kwetu hukwama. Chuo hutaka maelezo ya mapato kwa fomu iitwayo CSS Profile, nayo imetungwa kwa watu wenye hati za mshahara. Mwaka juzi niliketi barazani na nahodha mmoja na bintiye, tukafungua daftari la shule, tukaandika mwezi baada ya mwezi: miezi ya kusi ambayo chombo kilikaa ufukoni, miezi ya kaskazi ambayo samaki waliuzwa kila siku, mafuta, barafu, fungu la mabaharia, na nyavu zilizochanika. Tulimaliza baada ya saa tatu, na nahodha akasema hajawahi kuiona hesabu ya mwaka wake mzima mahali pamoja. Fanya vivyo hivyo na baba, kisha mwombe chifu barua ya kuthibitisha kazi yake. Usipunguze wala usiongeze. Ikiwa msaada utakaotolewa hautatosha kweli, familia inaweza kuomba kufunguliwa katika ahadi, na hesabu iliyoandikwa vizuri ndiyo itakayokutetea siku hiyo.

Kuhusu Chuo Kikuu cha Pwani, uwe na tahadhari. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyekwisha kuanza masomo ya shahada kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na masharti ya msaada kwa wanaohamia huwa magumu zaidi. Kabla ya kujisajili, iandikie ofisi ya msajili kule Kilifi uulize kama nafasi yako inaweza kuahirishwa kwa mwaka mmoja, na jibu ulipate kwa maandishi. Wakikataa, rudi kwa wazazi mpime upya, kwa sababu nafasi iliyo mkononi nayo ina uzito, na chuo hicho kimeikaribia bahari hiyohiyo unayoipenda.

Mweleze baba kwa Kiswahili kila sentensi ya ule mkataba kabla hajaweka sahihi yake. Halafu, hata baada ya kutuma ombi la Novemba, endelea kuandika maombi ya vyuo vingine, kwa kuwa ukikataliwa au ukisogezwa kwenye kundi la kawaida, ahadi inakwisha, na tangu jibu la katikati ya Desemba hadi vyuo vingi vifunge maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari utabakiwa na wiki mbili au tatu tu.