Ule ukijani sio kutu

Mdau wa Tanga, umeuliza lile sanamu la 1966, Four-Square, alilotengeneza mchongaji Barbara Hepworth, pale kwenye bustani yake St Ives Uingereza, mbona wameliacha limeota kutu ya kijani na halifanani na kitu. Sio kutu ndugu yangu. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, ikikaa nje inajifunika utando wake yenyewe, tena wachongaji wengi wanauweka makusudi kwa dawa na moto kabla sanamu haijatoka karakana, halafu watunzaji wanapaka nta ili chumvi ya bahari isiitafune. Chumvi sisi wa Bagamoyo tunaijua, cheki mageti ya huku yalivyo!

Kuhusu kufanana, mbona vinyago vya shetani vya Wamakonde tunavipenda na hatuulizi ni sura ya nani? Na lile limetengenezwa mtu apite katikati kabisa, kwahiyo kwa picha moja hujaliona bado, inabidi ulizunguke, uchungulie kwenye yale matundu ya duara uone miti na mwanga vinavyobadilika kila ukisogea. Natamani sana TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wangeweka la kwetu pale nje, watoto wapite ndani washike.