Uliza Fundi Picha: Kamera Yako, Nani Anaiendesha?

Barua za mwezi huu zimekuja kama zimepanga, kila mtu analalamika kuna kitu kimemtoka mkononi. Mmoja kamera haimsikii, mwingine sura yake ipo barabarani na yeye hana habari, mwingine mteja anamwendesha. Nimeziweka pamoja, nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

SWALI: Mambo vipi fundi, mi nipo Rau, Moshi. Nina Canon ya mtumba, kila nikipiga mlima asubuhi theluji inatoka kijivu, halafu nikimsimamisha mtu mbele ya mlima anatoka mweusi tii hata macho huyaoni. Washkaji wananiambia achana na auto, piga manual ndo utakuwa na kontroli, eti fundi wa kweli ni manual tu. Ni kweli?

Poa sana mangi. Washkaji wamekupa nusu ya habari. Ukihamia manual bila kujua kamera inawaza nini, utazungusha ISO (kamera inavyohisi mwanga) na shata (muda wa kuingiza mwanga) mpaka jua likuchome na picha itatoka vilevile.

Iko hivi. Kamera haijui kwamba ile ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mita ya kupimia mwanga iliyopo ndani imepangwa kuamini kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake, weupe na weusi, jumla yake ni kijivu cha wastani, kile wanachokiita asilimia 18. Sasa ikiona theluji na mawingu meupe inashtuka, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na theluji yako inageuka kijivu. Yule mtu naye nyuma yake kuna anga jeupe, mita inalihesabu anga na yeye inamsahau kabisa. Na kinyume chake ipo, piga bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi uone, mita inaongeza mwanga, suti inapauka na shati linaungua.

Dawa haiko mbali. Acha auto, weka Av (wewe unachagua uwazi wa lenzi, kamera inapanga shata), halafu tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye Canon nyingi ndogo unakishikilia kwa kidole gumba huku unazungusha gurudumu la juu, na utaona kijimstari kinatembea kwenye kile kipimo. Kwa theluji kipeleke kulia, +1 au hata zaidi kidogo, piga, kisha angalia histogramu, ile grafu ikiwa imebanana ukuta wa kulia umepitiliza, rudi nyuma. Kwa mtu mambo ni tofauti kidogo. Hapo Rau mlima unakuwa kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi linatokea kulia kwako ukiuangalia, basi mwambie ageuze uso upande huo badala ya kukukazia macho wewe. Kama bado ni giza mpige fleshi kidogo, hata mchana fleshi inatumika jamani, au tumia mita ya doa, inayopima sehemu ndogo tu ya picha, uielekeze usoni ukubali anga liungue. Vyote viwili huwezi kuvipata bure, lazima uchague nani muhimu, mlima au mtu. Na uamke, maana ikifika saa nne mlima mara nyingi umeshajifunika na hapo hakuna setingi itakayokusaidia.

Manual nayo ina mahali pake. Studio, au ukumbini pale ambapo taa za DJ zinabadilika kila sekunde na auto inapagawa, hapo funga kila kitu kwa mkono uiache hivyo.

Halafu usijione mjinga kwamba ngozi nyeusi inakusumbua kuipiga, hiyo ina historia. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafishia picha za rangi zilikuwa zinapewa na Kodak kadi ya kupimia rangi yenye picha ya dada wa kizungu, waliiita kadi ya Shirley, yaani fundi wa maabara akishaona dada katoka vizuri basi mashine iko sawa na dunia nzima iko sawa. Sisi tukitoka meno na macho tu, tatizo lilionekana ni la kwetu. Kadi zenye watu wa rangi tofauti zimekuja kuzoeleka miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu akikuambia mashine haina upendeleo, mcheke tu, kuna binadamu alikaa mahali akaamua iwe hivyo kabla wewe hujainunua.

SWALI: Anko, simu yangu mpya inanibadilisha. Nikipiga selfi natoka mweupe, mashavu yamepungua na kidoti changu cha hapa juu ya mdomo kinapotea. Sijaweka filta yoyote. Dada wa Majengo.

Umewekewa, hukuulizwa. Simu za siku hizi ukibonyeza mara moja zinapiga fremu kadhaa harakaharaka zinazichanganya, hiyo ni nzuri tu maana ndo inayookoa picha za usiku. Ila nyingi juu yake zimewashiwa urembo toka kiwandani. Fungua kamera upande wa selfi, tafuta kialama cha uso au kifimbo chenye nyota, peleka kila kitu sifuri, kisha ingia setingi za kamera uhakikishe hairudi yenyewe. Kidoti kitarudi. Na picha ya pasipoti au kitambulisho usithubutu kuipiga na urembo umewashwa, utasimama kaunta wanakuangalia wewe, wanaangalia picha.

SWALI: Shikamoo. Nilisuka saluni moja hapa Sakina, Arusha, yule dada akanipiga picha nikajua ni ya kumbukumbu. Juzi napita na boda naona uso wangu kwenye bango lao kubwa, na mtandaoni wameweka pia. Mchumba wangu kakasirika, anasema nimelipwa nikamficha. Sijalipwa hata mia! Nina haki gani?

Marahaba mwanangu. Haki unayo. Kukubali kupigwa picha siyo kukubali kuwa tangazo, hayo ni mambo mawili na watu wa biashara wanayachanganya makusudi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na picha inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi. Kuna Tume yake kabisa inayopokea malalamiko.

Lakini usianze na Tume. Kwanza piga picha lile bango na uhifadhi ya mtandaoni kabla hawajafuta, tarehe ionekane. Halafu nenda mwenyewe kwa upole, ongea na mwenye saluni siyo msusi, na baada ya maongezi mwandikie meseji ile ile mliyoongea ili ibaki maandishi, mpe siku ya mwisho. Wengi wanashusha hapohapo maana walikuwa hawajui. Akikataa ndo unapeleka malalamiko, ushahidi tayari unao. Ukitaka libaki ila ulipwe, hiyo pia ni sawa, sema bei yako wala usione aibu. Kuhusu mchumba mwonyeshe jibu hili, mengine mtajuana wenyewe.

Wapiga picha mnaosoma hapa, karatasi ya ridhaa ya nusu ukurasa, jina, tarehe, picha itatumika wapi na kwa muda gani, sahihi. Basi. Siyo lazima mwanasheria.

SWALI: Fundi mwenzangu, nina studio Kiboriloni. Desemba ukoo mmoja walivyopanda nyumbani Krismasi niliwapiga picha ya pamoja, watu wengi, babu na bibi katikati. Sasa dada mkubwa amenipigia, ndoa ya mdogo wake imevunjika, anataka nimfute shemeji na hela ameshatuma. Programu za sasa ni kazi ya dakika mbili. Nifute?

Kiufundi angalia mikono kwanza. Picha za ukoo watu wameshikana, shemeji pengine kamwekea mtoto mkono begani, utamfuta yeye na vidole vitabaki vinaning'inia, au programu itamtungia mtoto bega ambalo hana. Kama amesimama pembeni mwisho, mkate tu kwa kukropu, ni safi na siyo uongo.

Kama yuko katikati, hapo ndo pana maneno. Nikolai Yezhov alikuwa mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kuna picha wapo pamoja kando ya mfereji wa Moscow. Mwaka 1940 akauawa, na picha ikatoka tena bila yeye, pale aliposimama pamejaa maji. Orijino ilibaki ndo maana leo tunajua. Simfananishi dada mkubwa wa watu na Stalin (ingawa wapo madada wakubwa nawajua mimi…), nasema tu kwamba aliyetuma hela siyo peke yake mwenye picha ile. Babu yumo, bibi yumo, na kama yupo mtoto wa ile ndoa, siku moja atataka kujua Krismasi ile baba yake alikuwepo au hakuwepo.

Mimi ningemtengenezea nakala yake ya ukutani, ningeweka orijino kwenye diski mbili, na ningemwambia mapema bila kuzunguka kwamba orijino ipo na mwanafamilia yeyote akiiomba nampa. Akisema futa na orijino, mrudishie hela yake.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, nakaa Kijenge. Wageni wangu wakiwapiga picha Wamasai barabarani kwenda Ngorongoro wanadaiwa hela, wageni wananuna, wanasema utamaduni umekuwa biashara. Nawajibuje?

Waulize wao kamera walipewa bure? Yule mzee ukimpiga picha wewe unaondoka nayo, itakaa kwenye kalenda huko, itashinda tuzo, yeye atabaki na vumbi la gari. Kudai hela ndo sehemu pekee ya shughuli nzima ambayo maamuzi yako mikononi mwake. Tena mara nyingi akidai atasimama anavyotaka yeye, atajipanga, atarekebisha shuka, mgeni analalamika picha siyo ya asili. Asili gani, ya kuviziwa dirishani?

Kamera ikiwa upande mmoja tu inaweza kuwa kitu kibaya sana. Afrika Kusini wakati wa ubaguzi kila Mweusi wa miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea na pasi yenye picha yake, na kamera za Polaroid zilitumika kutengeneza hizo pasi fasta. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili Weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, wakagundua, wakaanzisha kampeni ya kuisusia. Kampuni ikavutana nao miaka, mpaka 1977 ndo ikajiondoa Afrika Kusini. Watu walipigwa picha mamilioni na hakuna aliyeulizwa kama anataka.

Kwa hiyo wewe kama mwongoza watalii, simamisha gari, shuka wewe kwanza, salimia, ulizia bei kabla kamera haijatoka kwenye begi. Akisema hapana ni hapana, na wageni wawe wameambiwa hayo toka Arusha, wasiyasikie pale. Watoto usiwalipe kabisa, utawatoa shule wakae barabarani.

SWALI: Droni. Nataka kupiga Kilimanjaro kutoka juu. Ntakamatwa?

Ukirusha bila vibali, ndiyo. Kibali cha droni ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi TANAPA nao lazima wakuruhusu, droni haingii getini kienyeji. Uwanja wa ndege wa KIA upo hapohapo kati ya Moshi na Arusha kwa hiyo hawana mchezo. Kambi za jeshi usielekeze kamera kabisa, ya droni wala ya simu. Ukiwa bado unasubiri karatasi, panda Machame kwa miguu na ile lenzi uliyonayo.