Milioni mbili na karatasi ya kusaini

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi fundi cherehani, Mbuyuni, Moshi. Mwaka jana nilichomwa chanjo juu kabisa ya bega. Tangu siku ile mkono haupandi, hata kitambaa cha rafu ya juu namtuma mwanangu. Kliniki wanakana kosa, ila wananipa milioni mbili nisaini “sina madai tena”. Nisaini?

JIBU: Marahaba. Usisaini leo. Maneno hayo matatu ndiyo wanayoyanunua: bega likitaka upasuaji mwakani, gharama ni zako. Kulipa bila kukiri kosa ni kawaida, lisikuudhi. Marekani wana mfuko wa fidia za chanjo tangu 1988, na jeraha la bega liliingia kwenye orodha yake 2017. Hapa kwetu utafungua shauri la madai la kawaida, na sheria inakupa miaka 3, kwa hiyo wasikukimbize.

Kamuone daktari wa mifupa, asiwe wa kliniki hiyohiyo, akuandikie ripoti. Hesabu na magauni uliyowarudishia wateja. Mimi ningedai pia gharama za mazoezi ya viungo, kwa maandishi. Na kadi ya chanjo yenye namba ya bechi usiwaachie, wape kivuli.